SOMA STETIMENTI YAKO, MFANYA KAZI

Na Mjumbe wa Karakana



Zamani wazee wetu walipokea mshahara dirishani. Karani aliita jina, mtu akatia kidole gumba kwenye wino, akapewa pesa zake mkononi, akazihesabu pale pale mbele ya karani. Ikiwa imepungua shilingi moja, alisema, na foleni nzima nyuma yake ikasikia. Hakuna aliyeona haya kuhesabu pesa zake mwenyewe.

Siku hizi dirisha lile limefungwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 17, yasema kwamba mshahara waweza kulipwa kwa fedha taslimu, au kwa hundi, au kutiwa katika akaunti ya benki aliyoichagua mfanya kazi. Wengi wetu twalipwa benki, na mimi sisemi kwamba ni vibaya. Mtu hatembei tena na mshahara wa mwezi mzima mfukoni usiku wa kulipwa. Lakini jambo moja limepotea, nalo ni ile tabia ya kuhesabu. Pesa huingia tusizione, na nyingine hutoka tusizione. Kinachobaki ni karatasi iitwayo taarifa ya benki, ambayo sisi twaiita stetimenti, na karatasi hiyo wengi wetu hatuisomi. Huja kwa barua pepe, imefungwa kwa nambari ya siri, nayo hukaa humo bila kufunguliwa mpaka mwaka uishe.

Nikimwuliza mtu kwa nini hasomi, hunijibu, "Ndugu Mjumbe, ile karatasi siielewi. Imejaa herufi." Jibu hilo ni la kweli, na ndilo lililonifanya niandike maneno haya. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari twaletewa kila mwezi, na bado mali yetu yaisha bila habari.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nitaanza na kosa langu, ili mtu asiseme kwamba Mjumbe anawafundisha wengine wakati nyumba yake yavuja.

Miaka michache iliyopita nilichukua mkopo wa miezi 24 ili nimalize nyumba kule nyumbani. Siku ya kutia sahihi niliwekewa karatasi nyingi mezani, nami nikatia sahihi zote, kwa maana fundi alikuwa akingojea mabati. Moja ya karatasi hizo ilikuwa agizo la kudumu, yaani amri ya kuiambia benki itoe kila mwezi shilingi 350 katika akaunti yangu na kuzipeleka kwa bima ya ule mkopo. Mkopo nikaulipa mpaka ukaisha. Nilifurahi, nikachinja jogoo. Lakini ile amri haikuisha, kwa sababu mahali pa kuandika tarehe ya mwisho paliachwa wazi, na mimi nilitia sahihi hivyo hivyo.

Nilijuaje? Kijana mmoja wa idara yetu alinijia na stetimenti yake akaniuliza, "Baba, hii STO ni nini?" Sikujua. Nikaona aibu kusema sijui, nikamwambia aje kesho. Usiku nikafungua stetimenti zangu ili nitafute kama nami ninayo hiyo STO. Nikaiona. Nikaiona mwezi huu, mwezi uliopita, na mwezi wa nyuma yake, jumla miezi 14 tangu mkopo kwisha. Shilingi 350 mara 14 ni shilingi 4,900. Tena chini yake kila mwezi kulikuwa na shilingi 50 za benki kwa kazi ya kupeleka hizo pesa, na shilingi 10 za ushuru juu ya hizo 50. Hizo nazo zilifika shilingi 840.

Nilikwenda benki nikiwa na hasira. Karani hakunigombeza. Alinionyesha sahihi yangu, akanionyesha na pale mahali pa tarehe palipokuwa peupe. Niliandika barua, nikaacha nakala kwangu, na baada ya miezi miwili nikarudishiwa zile 4,900, kwa kuwa hapakuwa na mkopo wa kuwekewa bima. Zile 840 hazikurudi. Hiyo ndiyo karo ya somo langu, na leo nawapa ninyi somo hilo bila karo.

UBAVU UPI NI WAKO

Kwanza tuelewe jinsi karatasi yenyewe ilivyopangwa. Juu kabisa kuna jina lako, nambari ya akaunti, na tarehe ambazo taarifa inazihusu. Kisha mstari wa kwanza huandikwa B/F. Maana yake ni salio lililoletwa kutoka karatasi ya nyuma. Mstari huo yafaa ulingane na salio la mwisho la stetimenti iliyopita. Usipolingana, simama hapo hapo, usiendelee, kwa maana kuna karatasi iliyorukwa au kuna kosa.

Baadaye zafuata safu. Moja ni ya tarehe, na katika benki nyingi kuna tarehe mbili, ya siku jambo lilipoandikwa na ya siku pesa zilipoanza kuhesabiwa kuwa zako au kuacha kuwa zako. Safu nyingine ni ya maelezo, ambayo ndiyo yenye zile herufi. Kisha safu ya pesa zilizotoka, safu ya pesa zilizoingia, na mwisho salio.

Watu wengi huchanganywa na DR na CR. Kwa kawaida DR ni pesa zilizotoka kwako, na CR ni pesa zilizoingia. Mtu aliyesoma hesabu kidogo huuliza, je, si kinyume? Ukipokea pesa, mbona isiandikwe upande wa kupokea? Sababu ni hii: karatasi ile ni hesabu ya benki, si hesabu yako. Pesa zako zikiwa benki, benki ndiyo mdeni wako. Wewe umeikopesha. Kwa hivyo mshahara wako ukiingia, deni la benki kwako limeongezeka, nayo huandika CR. Ukichukua pesa zako, deni lake limepungua, nayo huandika DR. Ndugu, kumbuka jambo hili siku utakapoingia benki ukiwa umeinama kama mtu aliyekuja kuomba. Ukiwa na salio, ni wewe unayewadai. Lakini ukiona herufi DR pembeni ya salio lenyewe, mambo yamegeuka, umechukua kupita ulichokuwa nacho, na wewe ndiwe mdeni, tena riba inahesabiwa.

Pia kuna salio la namna mbili. Kuna lile lililoandikwa kitabuni, na kuna lile uwezalo kulichukua sasa. Hutofautiana kwa mfano ukiweka hundi ambayo bado haijapitishwa, au ukilipa kwa kadi dukani na pesa zikashikwa kabla ya kuandikwa. Mtu huona ana shilingi 8,000 kitabuni, akienda kwenye mashine akaambiwa ana 5,000, akadhani ameibiwa 3,000. Hajaibiwa. Atazame siku mbili tatu kama lile lililoshikwa limeandikwa.

HERUFI NA MAANA ZAKE

Sasa zile herufi. Kila benki ina desturi yake ya kufupisha maneno, na jambo hilo nitalirudia baadaye. Lakini hizi ndizo nilizokutana nazo mara nyingi katika karatasi za wanachama.

STO au S/O ni lile agizo la kudumu nililolieleza. Jiulize juu ya kila STO: ni la nani, ni la kiasi gani, na litaisha lini? DD ni tofauti kidogo. Hapo umempa mtu mwingine, kama kampuni ya bima, ruhusa ya kuja kuchukua katika akaunti yako, na kiasi chaweza kubadilika. Kwa hivyo DD yataka kuangaliwa kwa macho mawili.

LEDGER FEE ni malipo ya benki kwa kukutunzia hesabu. Akaunti nyingine hazina malipo hayo. Ikiwa uliambiwa siku ya kufungua kwamba akaunti yako ni ya mshahara na haina ada ya mwezi, halafu ukaiona ada hiyo, uliza. Huenda mshahara wako ulichelewa au ulipitia njia nyingine, na benki ikaigeuza akaunti yako kuwa ya kawaida bila wewe kujua.

EXC DUTY ni ushuru wa Serikali, si wa benki. Hutozwa juu ya ada ya benki, hautozwi juu ya pesa zako zote. Mwaka 2018 ushuru huo kwa ada za benki uliongezwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 20. Mwaka 2023, kwa ada za kutuma pesa, ulifanywa asilimia 15. Basi unaweza kuupima mwenyewe. Ada ikiwa shilingi 100 na ushuru ni asilimia 20, ushuru wake ni shilingi 20, haiwezi kuwa 40. Tena kila ushuru lazima uwe na ada yake karibu nao. Ukiona ushuru peke yake, tafuta ada iliyouzaa.

WHT ni kodi inayokatwa juu ya riba uliyopata kwa akiba yako. Kwa mkazi wa Kenya ni asilimia 15 ya ile riba. Akiba yenyewe haiguswi.

RTGS ni njia ya kupeleka pesa nyingi kutoka benki moja kwenda nyingine siku ile ile. Njia hiyo ilianza Kenya mwaka 2005, na tangu mwaka 2009 hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja haipokelewi, kwa hivyo malipo makubwa kama hayo hupitia huko. Mfanya kazi hukutana nayo akinunua shamba au akilipwa pensheni. EFT ni malipo ya pamoja yanayokwenda kwa mafungu, na mishahara mingi hupitia hapo. Pesalink, iliyoanza mwaka 2017, hupeleka pesa kati ya benki na benki mara moja, hata usiku.

POS ni malipo ya kadi dukani. CHQ ni hundi. UNPD au UNPAID ni kitu kilichorudi bila kulipwa. REV ni kosa lililorudishwa, na kila REV yafaa uitafutie mwenzake, ule mstari wa kwanza uliokosewa. Hesabu kama pesa zote zimerudi, pamoja na ada na ushuru wake. Mara nyingi zile pesa kubwa hurudi, na ile ada ndogo husahauliwa.

Kisha kuna mistari ya simu. Tarehe 16 Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, ada za kuhamisha pesa kati ya benki na simu ziliondolewa. Tarehe 1 Januari 2023 zikarudishwa. Nimekutana na wenzetu waliozoea kuhamisha shilingi 200 asubuhi, 300 mchana, na 150 jioni, kana kwamba bado ni bure. Kila safari ina nauli yake. Afadhali uhamishe mara moja kwa wiki pesa unazozihitaji.

USIPIGE KELELE ZA MWIZI KABLA YA KUSOMA

Kuna dada mmoja wa idara ya kufunga mizigo ambaye alinijia akilia. Kwenye stetimenti yake kulikuwa na shilingi 2,640 zilizolipwa kwa kampuni asiyoijua. Jina lenyewe lilikuwa refu, halifanani na duka lolote la mtaani kwake. Tayari alikuwa amekwisha kumshtaki mwanawe wa kidato cha tatu kwamba ameichukua kadi, na kijana amehamia kwa shangazi yake.

Tulikaa naye chini. Tarehe ilikuwa Jumatatu, lakini nilimwuliza Jumamosi alikuwa wapi. Akasema alikwenda kununua vitu vya mwezi. Nikamwuliza kama ana risiti. Alikuwa nayo mkobani, imekunjwa. Tukaisoma mpaka chini kabisa. Kiasi ni kile kile, shilingi 2,640, na chini kwa maandishi madogo lilikuwapo lile jina refu la kampuni. Jina la ubaoni ni la duka, na jina la kwenye stetimenti ni lile lililoandikishwa serikalini. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sasa nitamwambia nini mtoto?" Alikwenda kwa shangazi jioni ile ile.

Kwa hivyo nawaomba, weka risiti zako mpaka stetimenti ifike. Tazama kiasi kwanza, halafu tarehe, na jina uliache mwisho, kwa maana jina ndilo linalodanganya. Lakini ukishatafuta usipate, usingoje. Piga simu benki siku hiyo hiyo, kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yako, uwaambie waifunge kadi. Na mtu akikupigia yeye akisema ni wa benki, akitaka nambari yako ya siri, huyo ndiye mwizi. Benki haihitaji kuulizwa nambari hiyo na wewe huna haja ya kuitaja kwa mtu.

MSHAHARA UKICHELEWA, NANI ANALIPA?

Sasa nafikia jambo linalohusu chama.

Nimetazama stetimenti za wenzetu kadhaa waliokubali, na nimeona mstari mmoja unaorudi mwezi baada ya mwezi. Tarehe 1 kuna UNPAID. Chini yake kuna ada ya adhabu. Chini yake kuna EXC DUTY. Tarehe 4 kuna mshahara. Soma mistari hiyo minne pamoja na utaona habari nzima. Mfanya kazi aliweka agizo la kudumu la kulipa mkopo au karo tarehe 1, kwa sababu mshahara wa mwezi hupaswa kulipwa mwisho wa mwezi. Tajiri akachelewa siku nne. Agizo likafika, likakuta hakuna kitu. Benki ikamtoza mfanya kazi adhabu, Serikali ikatoza ushuru juu ya adhabu, na mwenye mkopo akaongeza riba ya kuchelewa.

Tuseme adhabu ni shilingi 500. Ushuru wake kwa asilimia 20 ni shilingi 100. Jumla ni shilingi 600 kwa mtu mmoja. Penye wafanya kazi 200 wenye maagizo kama hayo, ni shilingi 120,000 kwa mwezi mmoja, ambazo tajiri hakuzilipa na wala hazikumwuma. Zimetoka mifukoni mwetu kwa kosa ambalo si letu. Na mtu akiendelea kukosa hivyo, jina lake hupelekwa kwa wale wanaotunza habari za wadeni, kesho akitaka mkopo mwingine akaambiwa si mwaminifu.

Mimi nasema jambo hili si la benki, ni la mkataba. Katika mazungumzo yajayo na matajiri, chama kidai siku ya kulipa iandikwe kwa tarehe, na tajiri akichelewa, alipe yeye ada na riba zote zilizomwangukia mfanya kazi kwa sababu hiyo. Na ushahidi wa dai hilo upo. Ni zile stetimenti zetu, zinazoonyesha siku na kiasi. Mtu akija kwangu na maneno matupu kwamba mshahara huchelewa, meneja atabisha. Mtu akija na karatasi za miezi sita zilizopigwa muhuri wa benki, hana la kubisha.

KARATASI TATU ZIKAE PAMOJA

Stetimenti peke yake haitoshi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira chataka tajiri ampe mfanya kazi karatasi ya mshahara inayoonyesha mshahara wote na kila kilichokatwa. Huko ndiko utakapoona kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF iliyoanza Oktoba 2024, asilimia 1.5 ya nyumba, ada ya chama, na akiba ya Sacco. Hivyo vyote hukatwa kabla pesa hazijafika benki. Benki haihusiki navyo, na ukienda kumgombeza karani wa benki kwa ajili ya SHIF, umepotea njia. Basi jambo la kwanza ni kulinganisha: kiasi cha mwisho katika karatasi ya mshahara kiwe sawa na kilichoingia katika stetimenti, mpaka senti ya mwisho.

Kisha kuna karatasi ya tatu, ya Sacco. Tajiri akikata shilingi 3,000 za akiba yako, karatasi ya mshahara itaonyesha zimekatwa. Lakini je, zimefika? Ni karatasi ya Sacco tu itakayokuambia. Kukata na kupeleka ni vitu viwili. Pesa zilizokatwa zisipopelekwa, mfanya kazi hujua siku anapoomba mkopo wa karo na kuambiwa akiba yake ilisimama tangu mwaka jana. Weka karatasi zote tatu katika bahasha moja kila mwezi.

Na jambo jingine. Kifungu cha 19 cha Sheria hiyo chasema vyote ambavyo tajiri anakata visizidi theluthi mbili za mshahara. Ni ngao nzuri, lakini yamzuia tajiri tu. Maagizo uliyoyatia sahihi mwenyewe benki hayamo katika hesabu hiyo. Mtu anaweza kubakiwa na theluthi yake halali kwa tajiri, ikaingia benki saa nne, na kufika saa sita maagizo matatu yameila yote. Hapo hakuna sheria ya kumwokoa ila kusoma kabla ya kutia sahihi.

TUANDIKIWE KWA LUGHA TUNAYOIJUA

Wako watakaosema kwamba kosa ni letu, kwa kuwa tunatia sahihi bila kusoma. Nimekwisha kukiri langu. Lakini na benki nazo zina neno la kujibu. Kwa nini karatasi ya mtu mwenye pesa iandikwe kwa herufi ambazo mwenye pesa hazijui? Benki moja yaandika hivi, nyingine vile, kwa jambo lile lile. Nafasi si haba. Wanayo nafasi ya kutangaza mikopo juu na chini ya karatasi ile ile, kwa maneno marefu na ya kupendeza. Linapokuja tangazo la kukopa, lugha ni nyepesi. Linapokuja neno la kukatwa, lugha inakuwa herufi tatu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 champa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nayo. Mimi naona kwamba habari isiyoeleweka si habari. Tunataka mambo mawili tu. La kwanza, nyuma ya kila stetimenti kuwe na orodha ya vifupisho vyote na maana zake kwa Kiswahili. La pili, kila agizo la kudumu liandikwe pamoja na tarehe litakapoisha. Hayo si mambo ya gharama kubwa.

Tena tujue kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki hakiruhusu benki kuongeza viwango vya ada zake bila idhini ya Waziri. Kwa hivyo ada yako ikipanda ghafula, una haki ya kuuliza imepanda kwa idhini gani. Uliza kwa barua, taja tarehe na kiasi, baki na nakala iliyopokewa kwa muhuri. Benki isipojibu, iandikie Benki Kuu ukiambatisha nakala hiyo. Na ikiwa dai halizidi shilingi milioni moja, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mtu wa kawaida aweza kujisemea mwenyewe.

TUFANYE NINI

Napendekeza kwa Kamati ya tawi kwamba Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa ya chakula, tukae pamoja kwa nusu saa tusome. Najua wako wanaoogopa wenzao wataona salio lao, na hofu hiyo ni ya haki. Basi kunja karatasi, safu ya salio iende nyuma. Hatuhitaji kujua una kiasi gani. Twataka kujua kila mstari uliotoka ulitoka kwa sababu gani. Walio vijana na wenye kujua simu wawafungulie wazee stetimenti zao, na wazee wawafundishe vijana kutotia sahihi kwa haraka.

Nami yule kijana aliyeniuliza maana ya STO nimemwomba awe karani wa shughuli hiyo. Yeye hakuona haya kuuliza, na kwa swali lake nilirudishiwa shilingi 4,900 zangu. Mimi niliona haya, na haya hiyo ilinigharimu miezi 14.

Wenzetu wa zamani walihesabu dirishani mbele ya karani, na walipopunjwa walisema. Dirisha limekwenda, karatasi imekuja. Tuihesabu vile vile.

Umoja ni nguvu.